Mizani ni ya Mkunga, Hofu ni Yetu Sote



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, dada mmoja wa kwaya alitoka kanisani akijishikiza ukutani kwa mkono. Mimba yake ya kwanza ilikuwa katika mwezi wa nane. Sisi tulikuwa tumesimama chini ya mwembe, kama tufanyavyo kila Dominika, na kila mmoja wetu alikuwa na neno la kumwambia. Mmoja alimwuliza, "Yaya, umenenepa hivi, au ni mapacha?" Mwingine alisema kwamba uso wake umegeuka, hata hatukumtambua alipoingia. Wa tatu, ambaye dada yake alijifungua kwa kupasuliwa, alimwonya kwamba mtoto mkubwa namna hiyo hapiti. Tulicheka. Yeye pia alicheka. Kisha akashika njia ya kwenda kivukoni, kwa maana nyumbani kwao ni Lubunga, ng'ambo ya mto.

Majuma matatu baadaye mama mmoja wa Legio ya Maria alituletea habari. Tangu siku ile dada yetu alikuwa akila mara moja tu kwa siku, ili mtoto asiendelee kukua. Siku ya CPN hakwenda, kwa sababu aliona haya kupanda kwenye mizani mbele ya wanawake wengine. Usiku hakupata usingizi. Alikuwa akihesabu siku zilizobaki kama mtu anayengojea hukumu. Hakuna aliyemwamuru kufanya hayo. Lakini maneno yaliyomfikisha hapo yalitoka vinywani mwetu.

Tunaandika tafakari hii kwa sababu hatutaki kujificha. Tunalotaka kusema ni hili: uzito wa mama mwenye mimba ni jambo la mkunga, si la uwanja wa kanisa, bali hofu yake ni jambo letu sote. Sisi tumeyapindua hayo mawili. Uzito usiotuhusu tumeufanya maongezi yetu, na hofu inayotuhusu tumemwachia aibebe peke yake.

Kilo hizo ni za nini?

Tuanze na mizani yenyewe, maana mzaha mwingi huzaliwa na kutojua. Anayemwona mama katika mwezi wa tisa hudhani kwamba kilo zote alizoongeza ni mafuta. Hesabu haiendi hivyo. Mtoto anayezaliwa kwa wakati wake huwa na kilo 3 hivi. Kondo la nyuma lina zaidi ya nusu kilo. Maji yanayomzunguka mtoto ni karibu kilo 1, na tumbo la uzazi, ambalo kabla ya mimba lilikuwa dogo kama ngumi, sasa nalo lina karibu kilo 1. Damu ya mama imeongezeka kwa kilo 1 na nusu hivi, kwa kuwa inawalisha wawili. Matiti yamekua, maji ya mwilini yamezidi, na mwisho kuna akiba ya mafuta ya kilo chache, ambayo mwili umeiweka kwa ajili ya siku za kunyonyesha. Ukijumlisha yote, unafika karibu na kilo 12, na hakuna ulafi wowote uliotendeka.

Mwaka 2009 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa vipimo ambavyo waganga wa nchi nyingi huviangalia. Mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa kawaida anatazamiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 kwa muda wote wa mimba. Aliyeanza akiwa mwembamba kupita kiasi anatazamiwa kuongeza zaidi, kilo 12.5 hadi 18. Aliyeanza akiwa na uzito uliozidi anatazamiwa kuongeza kilo 7 hadi 11.5, na aliyenenepa sana chini ya hapo. Katika miezi ya mwisho, mwenye uzito wa kawaida huongeza karibu nusu kilo kwa juma.

Tuone jambo moja katika namba hizo: hakuna kipimo kimoja cha wanawake wote. Kilo 10 zaweza kuwa nyingi kwa mmoja na chache kwa jirani yake. Anayeweza kusema ni mkunga, ambaye ana karatasi ya CPN mkononi na anaona uzito wa mwezi huu karibu na ule wa mwezi uliopita. Sisi tulio chini ya mwembe hatuna karatasi hiyo. Tuna macho tu, na macho hayapimi kilo.

Pale mizani inapoonya

Tusidhani, basi, kwamba mizani ni kitu cha kudharauliwa. Katika mimba ya kwanza ina kazi nzito. Uzito ukipanda ghafla katika siku chache, pamoja na uso na mikono kuvimba, huenda yanayoongezeka si mafuta wala mtoto, bali maji yanayobaki mwilini kwa sababu shinikizo la damu, ile tunayoiita tansio, limepanda. Hiyo yaweza kuwa njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Ugonjwa huu huja baada ya juma la 20, na huwapata zaidi wanawake wenye mimba ya kwanza. Mkunga huanza kuwa na wasiwasi tansio inapofika 140 kwa 90, na hupima mkojo pia. Dalili nyingine ni kichwa kuuma bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu. Mwenye dalili hizo hangoji kesho.

Katika joto la mji wetu, uliokaa karibu kabisa na ikweta, miguu ya mama mwenye mimba huvimba jioni, na mara nyingi si hatari. Uso na mikono ni habari nyingine. Hapa ndipo dhamiri yetu inapotuchoma. Mmoja wetu aliona kwamba uso wa dada yetu umegeuka. Aliona ishara ambayo mkunga angeipa uzito mara moja, akaifanya kichekesho. Swali lililofaa lilikuwa fupi: "Yaya, tansio yako ilipimwa lini?" Badala ya swali hilo tulimpa aibu, na aibu ikamzuia kwenda mahali pekee ambapo tansio ingepimwa.

Wako pia wanaodhani kwamba mama akishikwa na kifafa katika siku za kuzaa, ni mkono wa mchawi. Wanakimbilia maombi ya usiku kucha huku saa zikipita. Sala hatuikatazi. Lakini kwa ugonjwa huu iko dawa, inaitwa magnesiamu salfeti, nayo hutolewa na waganga katika hospitali. Anayesali na asali njiani, mgonjwa akiwa anapelekwa.

Kujinyima hakufungui njia

Fikira kwamba mama akila kidogo atazaa kwa urahisi haikuanza kwetu, wala haiko Kisangani peke yake. Imeonekana katika nchi nyingi. Inaonekana kuwa na akili, lakini matunda yake ni machungu. Nyonga haziongezeki upana kwa mama kushinda njaa. Kupita kwa mtoto hutegemea nyonga, na jinsi mtoto alivyolala, na nguvu za uchungu. Mama aliyejinyima hufika siku ya kuzaa akiwa amechoka na damu yake ikiwa pungufu, na mwenye upungufu wa damu hana akiba ya kupoteza. Mtoto naye aweza kuzaliwa chini ya kilo 2 na nusu, na mtoto wa namna hiyo hupambana na baridi, na magonjwa, na hata kunyonya kwenyewe.

Wala hatusemi kwamba mama ale chakula cha watu wawili. Katika miezi mitatu ya mwisho mwili wake unadai nyongeza ya kilokalori 450 hivi kwa siku. Hiyo ni karibu sawa na kemba moja la kuchemsha pamoja na konzi moja ya karanga. Nyongeza hiyo haihitaji utajiri. Soko letu lina pondu, maharagwe, samaki wa mto, na viwavi katika majira yake, ambavyo ni chakula cha kujenga mwili na damu. Lituma pamoja na samaki ni sahani ambayo mkunga yeyote angeifurahia. Tumbo linapobanwa na mtoto, afadhali mama ale kidogo kidogo mara nyingi kuliko kujaza sahani moja ya jioni.

Iko mitego mingine mitatu ambayo vijana waijue. Kwanza ni udongo, mabele, ambao wengi hutafuna wakati wa mimba. Udongo hushika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie katika damu. Vidonge vya chuma vinavyotolewa CPN ndivyo vya kumezwa kila siku. Pili ni malaria. Tunaishi kati ya mto na msitu, na malaria huwashambulia kwa ukali zaidi wenye mimba ya kwanza. Ndiyo maana CPN huwapa dawa ya kuzuia tangu kipindi cha pili cha mimba, angalau mara 3, kwa kuachana mwezi mmoja au zaidi. Na chandarua ni cha kulalia, si cha kuvulia samaki. Tatu ni kufunga. Wako mabinti wanaofunga chakula, pengine hata maji, ili Mungu awape kuzaa salama. Tuseme wazi: Kanisa tangu zamani limewaachilia wenye mimba na sheria ya kufunga. Mama anayekula vizuri kwa ajili ya mtoto wake hamwibii Mungu kitu. Ametoa mwili wake wote. Hatumdai pia sahani yake.

Hofu si ujinga

Tukiisha kuuacha uzito kwa mkunga, tubaki na kazi yetu, yaani hofu.

Tusimwambie mama wa mimba ya kwanza kwamba anaogopa bure. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013–2014 ulikadiria kwamba katika nchi yetu, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 846 walikufa kwa sababu za uzazi. Hakuna binti wa Mangobo, wa Kabondo au wa Lubunga asiyejua jina la mmoja aliyekwenda kuzaa asirudi. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 kati ya 100 wenye mimba hupatwa na maradhi ya nafsi, hasa huzuni nzito. Basi anayekosa usingizi, anayelia bila sababu, anayekataa chakula na kujitenga, tusimwite mvivu wala mwenye mapepo. Amwambie mkunga hayo pia, kama anavyomwambia habari ya mgongo na miguu.

Lakini hofu ina sehemu mbili. Sehemu moja hutoka katika hatari yenyewe. Hiyo hupungua kwa matunzo. Sehemu ya pili hutoka katika vinywa na katika upweke. Hiyo tungeweza kuiondoa sisi wenyewe kesho asubuhi. Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno. Kila mwanamke aliyezaa ana hadithi yake, na kwa namna ya ajabu zile za kutisha ndizo tunazomchagulia yule ambaye bado hajazaa. Zile za waliozaa alfajiri na kurudi nyumbani kesho yake, ambazo ni nyingi zaidi, tunaziacha kwa sababu hazina utamu wa kusimulia.

Na upweke? Hapa tuseme jambo linaloumiza. Dada yetu wa kwaya ni mke wa mtu, na hata hivyo tulimwacha peke yake. Je, yule aliyepata mimba bila ndoa? Tunamjua vizuri. Mimba inapoonekana, nafasi yake katika kwaya inajazwa na mwingine, jina lake linatoweka katika orodha ya kikundi, na mvulana aliyehusika anaendelea kupiga ngoma kana kwamba hana habari. Wako miongoni mwetu wanaosema: tukimsindikiza huyo hadi CPN, tutakuwa tumebariki kosa, na wadogo watajifunza vibaya.

Hoja hiyo tumeifikiri, maana wanaoisema si watu wabaya. Wanapenda ndoa ya Kikristu iheshimiwe, nasi pia tunaipenda. Lakini kosa na tansio si kitu kimoja. Kifafa cha mimba hakiulizi cheti cha ndoa. Anayejificha kwa aibu ndiye anayefika kwa mkunga akiwa amechelewa, na adhabu ya kuchelewa yaweza kuwa kifo chake, au cha mtoto ambaye hakukosa lolote. Tukisema tunapenda uhai, mahali pa kuupendea ni hapo, kwenye benchi la CPN, saa mbili asubuhi, karibu na msichana ambaye hakuna anayetaka kuonekana naye. Mazungumzo juu ya mwenendo yatapata wakati wake, na padri na wazazi watayafanya. Sisi tumepewa kumsindikiza.

Tarehe 31 Mei Kanisa huadhimisha sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elisabeti. Mwinjili Luka anaeleza kwamba Maria alikwenda kwa haraka katika nchi ya milima, na kwamba alikaa huko kama miezi mitatu. Huyo aliyetembelewa alikuwa na mimba ya kwanza katika uzee, na huyo aliyetembea alikuwa naye na mimba ya kwanza katika ujana. Wote wawili walikuwa na sababu za kuogopa, na wote wawili walikuwa na majirani wa kuwasema. Maria aliyaacha maneno ya majirani, akaenda, akakaa.

Mambo manne ya kufanya

Wavulana wasituambie kwamba haya ni mambo ya wanawake. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, alikuwa daktari kijana katika hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, alipoona jinsi wanawake walivyoteseka na kufa kwa uzazi wakifika wamechelewa. Mateso hayo ndiyo yaliyompeleka Angers, Ufaransa, kusomea tiba ya wanawake. Aliyaona kuwa mambo yake. Nasi, kwa kadiri yetu, tunapendekeza mambo manne kwa kila kikundi, kiwe cha Bilenge ya Mwinda, cha Kiro au cha kwaya.

La kwanza, tufunge vinywa vyetu juu ya mwili. Hakuna neno juu ya tumbo, uso, miguu au makalio ya mwenye mimba, hata kwa mapenzi. Tukimwona, tumsalimu kwa jina lake, tumpe kiti, tumwulize amelala vipi. Tukiona uso umevimba, tumwulize kando, kwa upole, juu ya tansio.

La pili, tumsindikize. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8 katika mimba, na mara 5 kati ya hizo ni katika miezi mitatu ya mwisho. Safari hizo huchosha. Mmoja wetu ashike mfuko, alipe mtumbwi au toleka, angoje naye kwenye foleni. Na kama maternite inaruhusu, awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wa uchungu. Tangu 2018 Shirika hilo linashauri hivyo kwa kila mama.

La tatu, tuandae usiku ule mapema. Nani ana pikipiki? Nani ana simu yenye chaji? Kwa anayeishi Lubunga na amechagua kujifungulia upande huu wa mto, ni nyumba gani itampokea majuma ya mwisho, ili asitafute mpiga kasia saa nane za usiku? Likelemba yetu, ambayo tumezoea kuitumia kwa sare na sherehe, iweke sehemu ndogo kwa ajili ya maternite. Hofu nyingi ambayo tunadhani ni ya moyo, ni hofu ya faranga.

La nne, tumpe utulivu wa kila siku. Tumchotee maji. Tutembee naye jioni jua linapopoa, pole pole, kwa maana matembezi huutuliza mwili na akili. Alalapo, alale kwa ubavu, si chali. Tuwaombe akina mama waliozaa vizuri waje kumsimulia jinsi ilivyokuwa. Tusali naye, sala fupi, bila kumchosha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai shahada. Yote yanadai muda, na muda tunao. Tuliutumia chini ya mwembe.

Dada yetu alijifungua binti mwenye kilo 2 na gramu 700. Wote wawili ni wazima. Tulikwenda kumwona tukiwa wanne, tumebeba makemba na sabuni, tukamwomba radhi. Alitusamehe upesi, kama watu wema wafanyavyo. Alisema tu kwamba siku ile mzaha haukumuumiza sana. Kilichomuumiza ni kwamba tulipomaliza kucheka hakuna aliyemfuata hadi kivukoni.

Katika mkutano wetu ujao, kabla ya kupanga nyimbo na sare, tuulizane: katika mtaa wetu, nani yuko katika mwezi wa nane au wa tisa wa mimba yake ya kwanza? Nani anakwenda naye CPN juma hili? Tuandike majina mawili, lake na la atakayekwenda naye. Kisha atakayekwenda, aende kweli.